Samaki wa Baba Hawachanganywi

Kaka yetu mkubwa alimvunja taya mdogo wetu mchana kweupe, dukani, na sababu ni samaki. Watu wakisikia hivyo hucheka. Wacheke tu. Mimi nikikumbuka natamani kumpiga mtu, yeyote yule atakayekuwa karibu.

Baba alikuwa mfugaji wa samaki wa mapambo. Alipokufa alituachia duka lililo mbele ya nyumba, na ndani yake tangi kubwa la kioo lenye samaki wake wekundu, wenye mikia mirefu kama pazia. Hao aliwazalisha mwenyewe tangu sisi hatujazaliwa, na huwapati kwingine kokote. Hawajawahi kukutana na samaki wa nje, kwa hiyo hata ugonjwa mdogo wa sokoni unaweza kuwafagia wote. Wakifa hao, wameisha.

Ndiyo maana nyumbani kwetu kuna sheria. Samaki akiletwa kutoka nje hukaa karantini, chumba cha nyuma, mwezi mzima, na wavu wake na ndoo yake. Wa muuzaji huyu hakai na wa muuzaji yule. Ukiwashika, unanawa kwa sabuni hadi viwiko ndipo uje mbele. Baba alikuwa akisema mgeni hasalimii mpaka mwezi uishe. Kaka aliishika sheria hiyo kama dini. Mdogo wetu, tuliyemwita Mbio kwa sababu hajui kungoja hata maji yachemke, alikiita kile chumba jela, naye Kaka kwake alikuwa bwana jela. Alisema kwa watu wengine mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ila kwetu mgeni anafungwa.

Sasa meneja wa hoteli alitaka samaki wa kujaza bwawa lake. Mbio akazunguka kwa wauzaji watatu, akarudi na mifuko imetuna maji, akamimina yote ndani ya tangi moja la karantini, samaki na maji yao ya mfukoni. Kaka alimtukana mpaka majirani wakafunga madirisha. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Akasema basi, watakaa mwezi wao, na hatoki hata mmoja.

Mwezi haujafika hata nusu, Mbio akaja dukani akamwambia Kaka meneja yuko njiani, samaki waondoke leo. Kaka akasema hatuuzi ugonjwa. Mbio akasema ugonjwa uko wapi, samaki wanacheza. Wakaanza kujibizana. Mbio akasema Kaka anajifanya Baba na kiatu cha Baba hakimtoshi. Hapo Kaka akamzaba kibao. Mbio naye akamtwanga kichwa cha pua, damu ikaruka mpaka kwenye kaunta.

Wahenga wanasema ndugu wakigombana shika jembe ukalime. Mimi nilishika fagio. Niliwachapa wote wawili, mgongoni, kichwani, popote nilipofika, na hakuna aliyehisi. Waliburutana kupitia mlango hadi chumba cha nyuma. Mbio alimkaba Kaka shingo, Kaka akamnyanyua akamtupa juu ya meza ya karantini. Meza ikaenda na tangi likaenda. Kioo kilipasuka kwa kishindo, na pipa tulilokuwa tumetegea maji nalo likapinduka. Mbio alichanika mkono vibaya. Samaki wakawa wanarukaruka sakafuni, kwenye vigae na damu.

Kaka alipiga magoti akaanza kuwazoa kwa viganja, kioo kinamchana vidole, anawatia kwenye beseni. Maji ya bombani yana dawa, yanaua samaki mpaka yakae kwanza, na yaliyokaa ndiyo hayo yamemwagika. Nikamwona anainuka na beseni anakimbilia mbele. Hasira ilikuwa imempofusha. Kichwani mwake lilibaki jambo moja tu: samaki yuko chini, samaki arudi majini.

Mbio alikuwa ameshafika. Alisimama mbele ya tangi la Baba, ameeneza mikono, damu inamchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

"Humu hapana, Kaka. Wana madoa, nimeyaona asubuhi. Waache wafe."

Kumbe ndiyo maana alitaka wauzwe haraka. Mwongo mkubwa, nilimchukia palepale, lakini wakati ule yeye peke yake ndiye aliyekuwa na akili. Nilimshika Kaka shati nikamwambia asikie anachoambiwa. Kaka hakusikia ila lile neno la mwisho la Mbio, waache wafe. Aliweka beseni juu ya kaunta, akaokota kigoda cha mti, akampiga nacho usoni. Nilisikia mfupa ukivunjika. Mbio akaanguka, na hata akiwa chini alimshika Kaka mguu. Kaka akampiga teke la mbavu akajinasua, akachukua beseni, akalimwaga lote ndani ya tangi la Baba.

Halafu akasimama, anahema, anatazama. Wageni wakaingia katikati ya wale wekundu. Nikaona rangi ikimtoka Kaka usoni.

Mbio alilazwa, taya likafungwa kwa waya. Kule nyumbani Kaka hakulala. Alitia chumvi, alitia dawa, alibadilisha maji. Samaki wa Baba wakaanza kujikuna kwenye mawe, kisha madoa meupe yakatokea kwenye mapezi kama wamenyunyiziwa unga. Walikufa mmoja mmoja, wa mwisho jike kubwa lililokuwa linakula mkononi mwa Baba. Wageni wawili walipona, na bado wanaogelea humo. Siwezi kuwatazama.

Tulikwenda hospitali pamoja. Kaka alikaa kwenye kiti kando ya kitanda, akamshika Mbio mkono ule wenye nyuzi, akamwambia samaki wa Baba ni wazima, wote.

Mbio hawezi kufungua mdomo. Akanigeukia mimi kwa macho.

"Wamekufa," nikamwambia. "Hakubaki hata mmoja."

Alilia kwa pua, sauti ya ajabu, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akajiinua kutazama. Kisha akanyanyuka, akamshika Kaka koo kwa mikono miwili, akabana. Kaka hakuitoa ile mikono. Aliteremka kwenye kiti akapiga magoti sakafuni ili mdogo wake amfikie vizuri, uso wake ukawa unaiva, macho yanamtoka. Nesi alikuja akikimbia kuwaachanisha, akanipigia kelele nisaidie.

Mimi nilikuwa nimesimama hapohapo karibu, na sikunyoosha mkono.