Koti, Firimbi na Sauti

Jumatatu hiyo tanuu la chokaa la Kunduchi lilikuwa limekaribia kukamilika: magogo ya minazi chini, mawe ya matumbawe juu, bado safu moja tu. Wanaume walikuwa wamekaa chini wanamalizia uji wa Bi Tabu. Nyapara wao, Mwinshehe, akasimama, akalinyoosha koti lake la kaki, akafungua kinywa awaambie waanze kazi. Sauti iliyotoka ilikuwa ya Bi Tabu.

"Haya, inukeni," ilisema. "Shomari, wewe usipande. Mguu wako haujapona."

Wakainuka. Shomari akabaki chini akipokeza mawe, na kazi ikaenda mpaka adhuhuri bila mtu kutia neno.

Wangetia neno gani, jamani? Maneno yenyewe yalikuwa ya Bi Tabu siku zote. Bi Tabu binti Marijani aliajiriwa kuchota maji na kupika uji, basi. Lakini yeye ndiye aliyejua nani kaamka na homa, nani na nani wamenuniana wasipangwe pamoja, na nani apande juu ya tanuu na nani asipande. Akimpa Mwinshehe bakuli lake humwambia polepole, na Mwinshehe akishajifuta mdomo huyarudia kwa kelele, yakawa amri. Ndiyo desturi. Tanuu haliamrishwi na mwanamke. Likiamrishwa na mwanamke mawe hayaivi. Mwinshehe hakuwa mtu mbaya. Alipewa unyapara kwa sababu alirudi salama kutoka vitani Burma na alikuwa mrefu.

Adhuhuri Bi Tabu alitaka kumwambia Gaspar amletee debe. Akafungua kinywa, kimya. Upande wa pili Mwinshehe alikuwa anaongea, na sauti ilikuwa moja. Akangoja. Mwinshehe aliponyamaza ikamrudia, inanuka tumbaku.

"Mzee Mwinshehe," alisema, "hiyo sauti ni yangu."

Mwinshehe akamwacha amalize, kwani bila hivyo asingeweza kumjibu. "Naijua, Bi Tabu. Yangu sijui imepotelea wapi."

Siku ya kuwasha moto wanaume walikaa kushauriana. Shomari alisema kinywa ni cha mwanamume na sauti ni ya mwanamke, sasa hiyo amri tuseme ya nani? Gaspar, mtu wa Bukoba, alisema kwao hakuna tanuu, wasimuulize yeye. Mwishowe wakawasha waone. Chokaa ikatoka nyeupe kama kawaida, na hapo ndipo walipozidi kuchanganyikiwa. Ama desturi ilikuwa inaangalia kinywa tu, ama haikuwa na ukweli tangu mwanzo. Hili la pili hakuna aliyelishika.

Nyumbani kwa Mwinshehe mkewe, Mwanabaraka, alisikia mwanamke ukumbini anaomba maji ya kuoga. Akafunga nguo zake kwenye kanga aende kwao. Yule mwanamke akamuuliza taratibu kichwa chake kinaendeleaje, jambo ambalo katika nyumba ile lilikuwa halijaulizwa tangu harusi. Mwanabaraka akazifungua nguo. Hata msikitini kukawa na amina moja nyembamba safu ya mbele. Watu wakageuka, wakaona koti la kaki, wakaendelea na sala.

Mtu huzoea. Mwinshehe aligundua kuwa akisema kwa sauti ile watu wanakwenda papo hapo, hata hawamwangalii usoni, basi akapenda kusema. Alikuwa hamalizi. Bi Tabu akabakiwa na alfajiri, na ule muda Mwinshehe anapotafuna.

Kisha meneja akataka chokaa upesi, nyumba zilikuwa zinajengwa Kinondoni. Mwinshehe akapungukiwa na mtu wa kupanda. Shomari alikuwa ameinama anachagua mawe, kaupa mgongo uwanja mzima.

"Shomari, panda," ilisema sauti nyuma yake.

Hakugeuka. Miaka yote sauti ile haikumpeleka pabaya. Akapanda, mguu ukamsaliti kule juu, akaja chini na mawe yake, na safari hii mfupa ulivunjika, kila mtu aliusikia.

"Bi Tabu," alisema pale chini, jasho linamtoka, "si wewe uliyenikataza? Mbona umeniambia nipande?"

Bi Tabu alipiga magoti kando yake na kufungua kinywa. Mwinshehe alikuwa anapiga kelele waletewe kitanda cha kumbebea. Sauti ilikuwa kazini.

Kesho yake Bi Tabu hakwenda uwanjani. Alikwenda Buguruni kwa dada yake, na huko sauti ikatulia kwake. Aliongea mpaka dada akamwambia apumzike. Kunduchi, Mwinshehe alifungua kinywa kikatoka hewa tu. Akatumia firimbi. Lakini firimbi haina jina la mtu: akipuliza, wote wanapanda, akipuliza tena, wote wanashuka, na siku moja walikutana katikati.

Kampuni ikamtuma karani Buguruni akamrudishe, kijana mmoja aitwaye Adelard.

"Shikamoo, Bi Tabu."

"Marahaba. Nitarudi mkinivika mie koti la unyapara."

Karani akajikuna shingo. Alikuwa kijana muungwana na jambo lenyewe lilimtatiza kwelikweli. "Nimemuuliza meneja. Anasema nyapara hupewa koti, firimbi na sauti, na vyote ni mali ya kampuni."

"Sauti nimezaliwa nayo!"

"Mie nimemwambia hivyo hivyo. Akasema ndiyo maana hakudai fidia ya siku ulizoondoka nayo."

Bi Tabu akacheka, kicheko cha hasira. Alikuwa amekwishaazimia: harudi ng'o. Halafu karani akasema, kwa kuaga tu, kwamba jana Gaspar aliungua mkono, hakuna aliyemwambia asogee.

"Mkono gani?"

"Wa kulia."

Bi Tabu akaingia ndani kuchukua kanga yake ya pili.

Walimwekea kigoda nyuma ya Mwinshehe. Siku hiyo meneja mwenyewe alikuja kutazama. "Pandeni," alisema Mwinshehe kwa ile sauti, na hakuna aliyepanda. Wanaume wote waligeuza macho kwenye kigoda. Bi Tabu akawatazama mmoja mmoja, akamwonyesha Gaspar kidole abaki, kisha akainamisha kichwa. Ndipo wakapanda. Meneja akasema hajapata kuona nyapara anayetiiwa vile, na kabla ya kuondoka akaagiza Mwinshehe apewe koti jipya lenye vifungo vya shaba. Mwinshehe alitoa shukrani ndefu. Alisema vizuri sana, hata wengine machozi yaliwalenga.

Mwinshehe alipoketi kula, Bi Tabu alichukua bakuli la uji akaenda mbio kwa Shomari, nyumba ya tatu kutoka uwanjani. Alimkuta barazani, mguu umefungwa mbao.

"Shomari mwanangu, siku ile sikuwa mie. Wallahi sikuwa mie. Ningekuwa mie ningekukataza."

Shomari alipokea bakuli. Hakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza Bi Tabu zaidi.

"Wameniambia, mama. Kinywa kilikuwa chake." Akakoroga uji. "Lakini mie sikupanda kwa sababu ya kinywa. Nilipanda kwa sababu ya sauti. Sasa nikisimama tena, nikaisikia nyuma yangu, nifanyeje?"

Bi Tabu alikuwa na jibu, na lilikuwa jibu zuri. Akafungua kinywa. Kule uwanjani Mwinshehe alikuwa amemaliza kula.

"Haya, inukeni," ilisikika.

Shomari akaweka bakuli chini, akatafuta mkongojo wake.