Gauni la Kijani Mlangoni

"Picha hiyo niliipiga mimi, kwa simu ya Mama, siku niliyoondoka."

Jibu hilo nililisoma nimesimama, maana siku hizo nilikuwa sikaliki: nikae, niinuke, niende dirishani, nirudi. Liliendelea: "Linki nitaiweka, Mama akiniomba mwenyewe. Na wewe, Kiherehere, hujaacha tu?"

Jina la Kiherehere nilibandikwa na dada yangu, na ni yeye tu aliyeniita hivyo. Aliondoka nyumbani miaka mingi nyuma, baada ya kumkataa mchumba ambaye Mama alishamkubali, naye Mama akamwambia asirudi. Tangu hapo hatukujua aliko, wala hakuna aliyethubutu kumtaja.

Mama ni fundi cherehani. Nilimtengenezea tovuti, lakini haikuwa ikionekana; ukitafuta mafundi wa magauni, ilizikwa huko chini kabisa. Nikajifunza ujanja mmoja. Unaupa mtandao picha yako, nao unakuonyesha tovuti zote zilizoitumia. Kisha unawaandikia wenyewe kwa adabu: picha ni yetu, msiifute, wekeni tu kiungo, yaani linki, cha kuja kwetu. Viungo vikiongezeka, tovuti inapanda. Picha ya gauni la kijani lililotundikwa mlangoni niliikuta kwenye simu kuukuu ya Mama, nikaamini ni yake, nikaanza kudai watu bila haya.

Kumbe niliyekuwa nikimdai ni dada. Nilifurahi, halafu nikaogopa. Mama akifoka, ningempoteza dada mara ya pili. Nikawa naufungua na kuufunga mlango wa chumba cha kushonea.

"Ingia au toka," Mama alisema. "Unaniingizia vumbi kwenye kitambaa."

Nikamwambia yote kwa pumzi moja. Cherehani ikanyamaza. Gauni lile alimshonea dada kwa ajili ya uchumba ule, na halikuvaliwa na mtu. Nikamwonyesha tovuti ya dada, anakouzia picha zake, na pembeni sura yake mwenyewe. Mama akaishika simu mbali, kisha karibu.

"Amekonda."

"Anataka umwombe linki wewe mwenyewe, Mama."

"Linki ndiyo mdudu gani? Siombi kitu nisichokijua."

Akavuta utepe wa kupimia shingoni, akaukunja, akaukunjua. Sikuweza kusimama tuli.

"Mwandikie," alisema hatimaye, bila kuniangalia. "Mama anaomba vipimo vyake vya sasa."