Mzigo Unaoning'inia

Wenzake kazini walimwita Mwewe, kwa sababu miaka thelathini alikuwa anakula, anasinzia na kulalamika huko huko juu, ndani ya kibanda cha kreni. Mtu mwenye maringo kwa kazi yake, na maringo yenyewe alikuwa na haki nayo. Basi daktari alipomwambia ana saratani ya tezi dume, kwamba imewahiwa mapema, na kwamba kisu na mionzi vyote viwili vinaweza kumponya, achague mwenyewe, Mwewe alirudi nyumbani bila kuchagua. Huyu hata rangi ya mlango wake alichaguliwa.

Hapo ndipo ukoo ulipojitosa. Shemeji yake akasema, "Toa kitu hicho, maliza kazi." Kaka yake mkubwa akasema mtu akishapasuliwa si mtu tena. Jirani naye, ambaye hakuulizwa, alikuwa na binamu wa kutolea mfano kila upande.

Sasa, kreni ina sheria yake: mwendeshaji hafuati mikono ya watu wawili. Wawili wakimwonyesha ishara, anasimamisha mzigo hapo hapo hewani, anasubiri. Mwewe akafanya vivyo hivyo na mwili wake. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tano. Hospitali wakipiga simu, anasema bado anasubiri. Anamsubiri nani? Hata yeye hajui. Ujinga huo, jamani, ni wa dereva wa kreni tu.

Mkewe, fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache na mkasi mkali, akachoka. Asubuhi moja akamwekea chai, akakaa mbele yake.

"Baba watoto, hebu niambie. Unaogopa kufa?"

"Kufa naogopa, nani haogopi."

"Lakini si hilo linalokuzuia," mkewe akasema.

Mwewe akazungusha kikombe weee, mwisho akasema. Kule juu anakaa saa saba nzima, choo hakuna. Daktari wa upasuaji alishasema kwamba mkojo huwavuja wengine kwa miezi, na wachache kwa muda mrefu zaidi. Je, akiteremka ngazi mbele ya vijana suruali imelowa? "Bora nisipande tena," akasema, na machozi yakamtoka, mtu mzima.

"Kumbe," mkewe akasema. "Basi hilo ndilo la kuuliza."

Wakaenda wote wawili. Daktari wa upasuaji hakuficha: kuvuja kupo, ingawa wengi hupona. Daktari wa mionzi naye hakuuza maneno matamu: kuvuja ni kwa nadra, ila ni wiki nane za kwenda na kurudi, choo kitamsumbua, mengine yanaweza kujitokeza baada ya miaka, na saratani ikirudi, kupasua baadaye kunakuwa kugumu. "Na kila siku," akaongeza, "unakunywa maji, halafu unabana mkojo mpaka mashine imalize. Wengi hapo ndipo wanaposhindwa."

Mwewe akainua kichwa. "Kubana mkojo?"

"Nusu saa hivi."

Akacheka mpaka akashika meza. "Daktari, mimi nimebana miaka thelathini. Andika mionzi."

Mkewe akamtazama usoni kuhakikisha si mzaha, akaona si mzaha.

Wiki nane hazikuwa lelemama. Kufika ya sita alikuwa anakimbilia choo usiku na mchana, anachoka hata kuvua viatu, na nyumbani hasemezeki. Lakini kwenye kitanda cha mashine hakushindwa hata siku moja, na wagonjwa wapya wakawa wanamfuata kumuuliza siri yake.

Miezi sita baadaye, vipimo vya damu vikiwa vimeshuka vizuri, alipanda tena. Ngazi mia mbili na kumi, akipumzika mara mbili bila kuona aibu. Akanyanyua nondo tangu asubuhi hadi alasiri, vijana wakimpigia miluzi kutoka chini. Alipokanyaga ardhi akapiga simu kabla hata ya kuvua kofia.

"Nimeshuka," akasema.

Mkewe alikuwa anampima mteja kiuno. "Na suruali?"

"Kavu."

Mkewe akaachia kigelegele ambacho mtaa haujawahi kukisikia kwake, na mteja, bila kujua sababu, akaanza kupiga makofi.