Permi ya Nkambo

Bunduki ililia saa nne na nusu ya asubui, mu lupango yetu, nyuma ya nyumba, na miye njo niliipiga! Hapana Papa. Hapana askari. Miye Claudine, niliyemaliza masomo ya shimi, ile kemia, ku Lubumbashi, na kitenge kiunoni. Mama Marceline jirani aliangusha sufuria yake ya mihogo, kuku zake ziliruka ukuta, na mpaka sasa sikio langu la kuume linaimba. Lakini ngojeni nianze ku mwanzo, maana nikianza na moshi hamutaelewa kitu.

Papa wangu, Edmond Kalenga, ni fundi wa kufua chuma ku ateliye ya reli hapa Kalemie. Siku sita anapiga chuma cha reli. Siku ya Mungu, tukitoka misa, anapiga chuma chake. Nyuma ya nyumba iko na kajiko kake ka kufulia, na mu resort, zile springi za magari ya zamani, anatoa visu: kisu cha mwindaji, kisu cha kuchuna ngozi, kisu cha kutazama tu. Vishikio ni vya mulombwa, ule muti mwekundu. Ala za visu na mikoba ya bunduki nashona miye, na ngozi ya mbuzi na uzi wa nta, tangu niko na miaka kumi na mbili. Papa hauzishi kisu hata kimoja. Muntu akimuuliza bei, anakasirika: "Hii ni raha yangu. Weye unauzishaka raha yako?"

Halafu kuko bunduki. Tano, zote za baruti, zile za zamani za kujazia ku mudomo. Anazifuata mpaka Zongwe, mpaka Manono. Muntu akisema tu, "Babu yangu aliacha kachuma fulani," Papa tayari anatafuta viatu. Ine kati yao ni mafupa tu. Ya tano tunaiita Nkambo, maana ilikuwa ya nkambo yake, babu mwindaji wa kule Kiambi. Ilifika kwetu bila gashete ya kuvuta na kidole, kitako kimekuliwa na muchwa. Papa aliitumikia miaka miwili. Alichonga kitako kipya. Resort ya ndani aliifua mara saba, mara zote inavunjika, ya munane ikakubali. Na yote hiyo na jicho moja, maana la kuume liliharibiwa na cheche ya moto zamani ku kazi. Ungemuona, ulimi nje kama mutoto wa primeri anayeandika "a".

Basi mwezi huu zone, serikali yetu ya hapa, ikatangaza, hata ku misa wakasoma: ajan wake atapita nyumba kwa nyumba kuandika bunduki. Bunduki iliyokufa itabaki ku ukuta kama picha. Bunduki inayolia bila permi, ile karatasi ya ruhusa, itaenda ku depo ya serikali, na haitarudi.

Mama akamuketisha Papa.

"Papa Claudine, utasema zote zimekufa."

"Nitasema."

"Apa."

"Mama Claudine, miye mutoto?"

"Apa!"

Akaapa. Nilimusikia na masikio yangu mawili, wakati yote mawili yalikuwa bado muzima.

Leo Jumamosi, siku ya posho, Papa aliomba ruhusa ku kazi, na ajan akafika. Citoyen Kisimba, mwembamba, abakosti, ile koti yake ya kazi, imepigwa pasi mpaka inaweza kukukata kidole. Akakunywa limonade yetu, akafungua kaye yake ya kuandikia, akaanza ku ukuta.

"Imekufa. Imekufa. Hii ilizikwa tayari. Imekufa."

Mama alikuwa anatabasamu kama siku ya ubatizo. Kisimba akashusha Nkambo, akavuta nyundo yake na kidole kidogo, akacheka.

"Na hii pia. Resort gani hii? Hata panya haitaogopa. Nani alikudanganya, Papa? Hii ni kazi ya muntu wa kutengeneza baiskeli."

Nikaona shingo ya Papa inavimba. Nikamukanyaga muguu. Mama akakohoa. Kisimba akaandika *imekufa*, akamupa Papa stilo atie saini.

Papa akashika stilo. Akaitazama. Akaiweka chini.

"Citoyen, futa."

"Nifute nini?"

"Hiyo neno. Resort hiyo nimeifua miye. Mara munane! Andika: inalia."

"Papa Claudine!" Mama akashika kichwa. "Uliapa!"

"Niliapa kusema zimekufa. Sikuapa kusikia baiskeli."

Kisimba hakucheka tena. Akakunja kaye. "Vizuri. Inalia, na permi haiko. Naibeba."

Njo pale Papa akaelewa amefanya nini. Akaomba permi. Kisimba akamutazama usoni, na nilijua kabla hajafungua kinywa. "Permi inaomba macho mawili, Papa. Miye siyo niliyeandika sheria." Akaanza kufunga Nkambo mu kitambaa, polepole, na huruma, na hiyo huruma njo ilinichoma zaidi. Papa alisimama mikono chini. Sijawahi kuona mikono yake haina kazi.

"Citoyen," nikasema, "niandike miye."

Akanitazama kama mbuzi ameomba kiti.

"Weye? Binti?"

"Nipe papiye nisome." Akanipa. Nikasoma na sauti ya mwalimu. "Miaka kumi na minane: niko na makumi mbili na mbili. Macho mawili: haya hapa. Kujaza, kupiga na kusafisha mbele ya ajan. Sasa unionyeshe fasi wanaomba ndevu."

Akageuza karatasi. Akageuza tena. Nyuma kulikuwa weupe tu.

"Claudine," Mama akalia, "bwana gani atakuoa na bunduki?"

"Mwenye adabu, Mama."

Kisimba akasukuma Nkambo kwangu. "Onyesha. Ukikosea kitu kimoja, inaenda."

Sasa, miye nilisaidia Papa kuijaza mara nyingi. Kupiga, hata siku moja. Hiyo sikumuambia Kisimba. Nyuma ya nyumba kuko kichuguu kikubwa. Papa akaweka juu yake chungu kilichopasuka. Nikapima baruti, nikatia risasi, nikashindilia, nikaweka fataki, ile kakofia ka kuwasha moto, juu ya katundu kake. Nikainua. Nkambo ni nzito, wapendwa! Nikavuta.

Klik.

Hakuna kitu. Nikaacha mudomo ukitazama kichuguu, kama Papa alinifundisha, nikaanza kuhesabu, maana baruti inaweza kuchelewa kulia. Kisimba akaja nyuma yangu, sauti yake laini kabisa.

"Basi, binti. Imekufa kweli. Niandike hivyo, ibaki ku ukuta, na wote tukule muchana vizuri."

"Andika, Citoyen!" Mama akasema. "Andika mbio!"

Ilikuwa rahisi, munaelewa? Neno moja, na Nkambo inabaki nyumbani. Lakini nikamutazama Papa. Alikuwa anatazama Nkambo kama muntu anayeambiwa mugonjwa wake amekufa, na yeye anaona kifua kinapanda na kushuka.

"Ngoja," nikasema. "Haijakufa."

Nilipomaliza kuhesabu mpaka mia, nikaondoa fataki. Chini yake, ku katundu kenyewe, mafuta yalijaa pomoni, yamelowesha fataki na kuziba njia ya moto.

"Papa! Uliipaka mafuta leo asubui?"

"Kidogo tu. Kwa sababu ya mugeni."

"Kidogo! Nkambo ameoga!"

Nikapangusa, nikatoboa katundu na sindano yangu ya kushonea ngozi, nikaweka fataki mupya. Nikavuta.

PUUU! Bega langu likarudi nyuma peke yake. Moshi ulitufunika wote. Ulipoondoka, chungu hakikuwako, Kisimba alikuwa amechuchumaa, na Papa alikuwa anacheza. Papa wangu, muzee wa parokia, anazunguka kichuguu na mikono juu! Hata Mama akacheka, mukono ku kinywa.

Nikasafisha Nkambo na maji ya moto mbele ya ajan, sikuruka kitu. Kisimba akapangusa abakosti yake, akaandika jina langu, akapiga kashe, ule muhuri wa zone, akasoma kwa nguvu: "Kutoka leo muntu mwingine haishiki bila ruhusa ya mwenye permi. Hata baba yake."

Papa alicheka sana pale. Saa nane hakucheka. Germain wa ateliye alikuja mbio, habari ilikuwa imefika mpaka ku port, na Papa akasimama ku mulango wa chumba changu, amevaa shati ya misa.

"Mwenye permi."

"Ndiyo, Papa."

"Naomba nimuonyeshe Germain ile resort."

"Onyesha mikono."

Akaonyesha. Mbele, nyuma.

"Vizuri. Dakika kumi."

"Dakika kumi! Miaka miwili nimeifua miye, na—"

"Tisa, Papa."

Akaibeba mbio.