Neno la Siri Lililopigiwa Kura

Bernadina alikuwa na hasira ya siku kumi na nne, na hasira ya namna hiyo haikai moyoni tu, hushuka mpaka kwenye visigino. Alipoitwa mkutanoni pale Isungabula, njia ya kwenda Nyarugusu, alitembea kwa kishindo hadi kuku wa nyumba tatu wakampisha. Yeye ndiye mwendesha pampu ya maji ya kijiji, na saa kumi alasiri hiyo alikuwa anakwenda kuhukumiwa kwa wizi wa maji.

Kisa chenyewe ni hiki. Tenki lilijaa kila jioni, na kila asubuhi likakutwa kavu kama ngoma. Zahanati ikawa inazalisha kwa maji ya madumu. Wakawekwa sungusungu ishirini na wawili kulilinda, wenye pinde, mishale na filimbi moja ya kupokezana. Walilinda kwelikweli. Inzi akitua kwenye bomba aliulizwa ametokea wapi. Walimkamata mbuzi wa mjane mmoja, wakampekua, wakamweka chini ya ulinzi mpaka mwenyewe alipokuja kumdhamini. Na bado, mbele ya macho arobaini na manne (tuseme arobaini na matatu, maana Chacha ana chongo), tenki liliisha.

Kwa kuwa hakuonekana mtu, wakaamua mwizi ni yule aliye karibu na pampu. Adhabu inajulikana: kutengwa. Asiuziwe chumvi, asiitikiwe salamu, akifiwa achimbe kaburi kwa mikono yake. Ndani ya nyumba ya Bernadina mama yake alikuwa amelala hoi, sasa ukiwa mwezi wa pili wa ugonjwa. Hilo la kaburi halikuwa mfano kwake.

Na alikuwa amewaambia, ndicho kilichomchoma. Pampu ile ina kisanduku chenye laini ya simu. Unakitumia ujumbe wenye neno la siri, kinawasha, kinazima, au kinafungua koki ya chini ya kusafishia tenki, ambayo bomba lake limefukiwa hadi korongoni. Fundi kutoka Shinyanga alipokifunga alisema neno hilo walijue watu wawili, basi. Mwenyekiti wa kamati ya maji, Bartholomeo, akasimama na kidole juu: mali ya umma iwe na siri kwa nani? Neno likapigiwa kura kwenye mkutano mkuu kwa kunyoosha mikono. NGOMBE likashinda MAHINDI kwa kura nyingi, likaandikwa kwenye muhtasari, na muhtasari ukabandikwa ukutani pa ofisi ya kijiji pamoja na namba ya kisanduku, kando ya tangazo la chanjo. Bernadina alipopinga, waliguna kwamba anataka kujifanya malkia wa maji.

Siku ya hukumu Bartholomeo ndiye aliyesema mengi. Alieleza uchungu wa kina mama, akafuta machozi ambayo hayakuwapo, akarudi kwenye kiti chake cha plastiki. Mtemi wa sungusungu, Mzee Mihayo, akampa Bernadina nafasi. Akatoa shikamoo, marahaba ikarudi nyembamba.

"Baba Mtemi, shika simu yangu hii," akasema. "Mikono yangu mnaiona. Sasa toa simu yako, andika neno lililobandikwa pale ukutani, ongeza FUNGUA, tuma kwenye namba hiyohiyo."

Mzee Mihayo huandika kwa kidole kimoja, na kila herufi huiomba ruhusa kwanza. Hatimaye ujumbe ukaenda. Kule kilimani, kipimo cha ubavuni mwa tenki kikaanza kuonyesha maji yanashuka, kijiji kizima kikitazama. Walinzi wakavuta pinde. Wakaelekeza mishale juu, chini, kila upande, wasione wa kumchoma.

Ndipo sauti ikapanda kutoka korongoni, kwenye mwalo wa Stanslaus anakooshea mawe ya dhahabu nyuma ya uzio wa mabati. Ilikuwa sauti ya mchimbaji mwenye furaha, asiye na habari ya mkutano.

"Mwenyekiti, ubarikiwe! Leo umewahi!"

Watu wakamgeukia Bartholomeo. Akakohoa, akakunja nne.

"Neno ni la wote," akasema, "na mimi ni mmoja wa hao wote. Nimevunja kufuli gani?"

Sungusungu wakatazamana. Sheria zao zinamjua aliyebomoa mlango na aliyeswaga ng'ombe wa mtu. Aliyebonyeza simu hazimjui. Wakanong'onezana kidogo, kisha Mzee Mihayo akatangaza kwamba Bernadina hana kosa, na mwenyekiti ataonywa.

Ataonywa. Bernadina akaichukua simu yake mkononi mwa mzee, akafunga koki, akabonyeza tena kwa namna fundi alivyomfundisha, mpaka kisanduku kikajibu kuwa neno jipya limekubaliwa. Angeweza kufanya hivyo tangu siku ya kwanza. Alijizuia kwa kuuheshimu mkutano, na heshima hiyo sasa ilikuwa imekwisha.

"Litaje, mayu, mama yangu, karani aandike," akasema Mzee Mihayo.

"Silitaji."

"Ukificha mali ya kijiji, sasa tutakutenga kwa haki."

"Wiki mbili mmepekua mbuzi," akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mwizi amekaa mbele yenu kwenye kiti, mnampa onyo. Nitengeni. Lakini zahanati itazalisha kwa maji ya bomba."

Wakamtenga. Chumvi akawa anaifuata Nyarugusu kwa bodaboda. Akawa anamgeuza mama yake kitandani bila msaidizi. Na kila siku, saa kumi na mbili asubuhi, akafungua maji. Watu wakachota wakitazama miguu yao. Mwalo wa Stanslaus ulikauka hivi kwamba vyura wake walionekana barabara ya Ushirombo wakihama kwa familia, wazee mbele.

Siku ya tisa Mzee Mihayo akaja bombani mwenyewe na ndoo, maana mkewe alikuwa na homa. Bernadina akamsogelea, akapiga goti kama inavyopasa, akasema shikamoo kwa sauti ya kufika kilimani. Foleni nzima ikatega masikio. Mzee akafumbua mdomo, akaufumba, akainamia ndoo yake.

Bernadina akabaki na goti lake chini, akimtazama, mpaka ndoo ikajaa.