Mtungi wa Asiye na Shahidi

Kilimani kwao, huko Giteranyi mkoani Muyinga, Burundi, Anisia alikuwa ameshapachikwa jina: Mama Ushahidi. Lilimwangukia wiki iliyopita, pale Kasiano, mpinzani wake katika kugombea ukuu wa kilima, yaani uongozi wa kijiji, aliposimama barazani akasema kwamba huyu mama aliyekulia Tanzania bado anapiga kura hukohuko. Anisia hakugombana naye. Aliuliza tu nani aliyemwona. Kasiano akatazama kulia, akatazama kushoto, shahidi hakupatikana, na kwa desturi ya baraza akatozwa mtungi wa pombe ya ndizi. Watu walikunywa huku wakimsifu Anisia.

Aliutaka ukuu ule kwa moyo wote, wala hakuficha. Waliorudi kutoka ukimbizini Tanzania bado waliitwa wageni pale kilimani, naye alikuwa amechoka kuitwa mgeni katika shamba la babu yake mwenyewe.

Sasa ni Jumapili baada ya misa, baraza limejaa katika darasa la shule, na Nassoro, mchuuzi wa vitenge kutoka Gitega, ameinua mkono.

"Pardon, baba zangu. Mi nasikia ile mbegu ya mahindi yenye munangojea, Kasiano alishaiuzisha. Iko soko ya Makebuko."

Darasa likachafuka, maana Kasiano ndiye aliyekabidhiwa mbegu ya kilima kizima. Lisemwalo lipo, walisema watu, na kama halipo laja. Kasiano alijikunyata kwenye benchi. Fredi, mume wa Anisia, alipiga makofi kuwashinda wote.

Anisia, ndani ya kitenge chake kipya cha kijani chenye tausi, aliona ushindi umemjia wenyewe hadi mlangoni. Alichotakiwa ni kunyamaza tu, na kunyamaza si kusema uongo. Lakini mzee Longino, mwenye fimbo ya baraza, alikuwa akimtazama, na Anisia akakumbuka kuwa mkuki ni mtamu kwa nguruwe. Aliudhika kweli, maana ushindi haukuwa wa kutupa. Akasimama.

"Kaka Nassoro, uliona kwa macho yako?"

"Hapana, mama. Bibi yangu Fatouma ndiye alinielezea."

"Basi tumpigie."

Simu ikawekwa sauti ya juu, watu wakasogea karibu.

"Mi nilielezwa na kliya, muteja wa duka," alisema Fatouma, mke wa Nassoro, kutoka Gitega. "Bwana mumoja wa Giteranyi. Alikuja duka kuchagulia bibi yake kitenge. Anasema bibi anataka kuwa shefu wa kolini, mukubwa wa kilima. Ule bwana anapenda kucheka sana."

Anisia akaushika upindo wa kitenge chake, lakini swali lilikuwa lake, ilibidi alifikishe mwisho.

"Kitenge gani, dada?"

"Ya kijani. Iko na tausi."

Darasa zima likamtazama Anisia, likawatazama tausi, kisha likamgeukia Fredi, ambaye makofi yalikuwa yamemwishia mikononi.

"Mimi nilisema huenda," alijitetea Fredi. "Huenda ameiuza. Yalikuwa maneno ya dukani tu."

"Huenda haikukuwako, bwana," simu ikajibu. "We ulisema ameuzisha."

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Anisia aliona aibu, maana aibu ya mume ni ya nyumba nzima.

"Mzee Longino," alisema, "mtungi wa leo unatoka kwangu. Na ndugu Kasiano, naomba radhi mbele ya wote."

Fredi aliuleta mtungi mwenyewe kwa baiskeli, watu wakimwimbia njia nzima. Anisia na Kasiano walikunywa kwa mirija katika mtungi mmoja, na Nassoro, ambaye ni Mwislamu, akanunuliwa Fanta.

Uchaguzi ulipofika, Anisia alishinda kwa kura chache. Jioni Kasiano alikuja kumpongeza, akasimama uani akizungushazungusha kofia yake.

"Mimi nimekupigia kura wewe," alisema. "Nimempigia mtu wa kwetu."

Anisia alifungua mdomo kuuliza nani aliyemwona. Nyuma yake Fredi akakohoa. Kura ni siri, haina shahidi, na Kasiano hakuwa na mwenzi mwenye porojo wa kumfichua, kama yeye alivyokuwa na Fredi.

Anisia akaufunga mdomo, akamvutia kiti. Mtu wa kwetu: neno hilo alilipokea hivyohivyo, bila ushahidi.