Pijo la Marehemu Idarusi

Tangu Idarusi alipozikwa, mkewe Muhiba hakuvuka kizingiti cha nyumba yao ya mtaa wa Ziwani. Alikaa eda kama mama yake alivyokaa, na bibi yake kabla ya hapo: chumba cha ndani, nguo nyeupe, bila wanja wala udi, bila kuonana na mwanamume asiye maharimu wake. Jambo moja tu alilokataa ni kufungiwa dirisha. Dada yake Ruqaiya alitaka lifungwe na kutiwa pazia zito. Muhiba akasema liachwe wazi kiasi cha upana wa kiganja, na likaachwa hivyo.

Dirisha hilo lilitazama ubavuni mwa nyumba, na hapo ubavuni ndipo gari lao, Pijo, lilipolala chini ya turubai.

Lilikuwa Pijo mia nne na nne, rangi ya chai iliyozidi maziwa. Idarusi alilinunua kabla mwanawe Saif hajazaliwa, na kila Ijumaa baada ya sala alimpakia mkewe akampeleka mtaa wa Tena kwa Ruqaiya. Siku za kazi, Muhiba alimjua mumewe anakuja kabla hajamwona. Pale kwenye kona ya tangi la maji injini ilikuwa na tabia ya kukohoa, kisha kunguruma chini chini kama mtu anayesafisha koo ili aingie nyumbani kwa adabu. Muhiba akisikia kikohozi kile, huinuka akateleka chai. Majirani walimcheka. Alikuwa hajali.

Baadaye gari lilikufa. Idarusi akalifunika, na kila mwaka akawa anasema mwaka huu. Mwaka wa mwisho alionekana kweli kweli akilishughulikia yeye na rafiki yake Patrobas, wameinama chini ya boneti wakibishana. Kisha kifua kikamshika, na hakuinuka tena.

Siku moja, arobaini ikiwa imeshasomwa, Muhiba alimwita Saif chumbani.

"Mwanangu, siku nikitoka eda nataka niende Tena kwa gari la baba yako. Nataka kulisikia tena."

"Utakwenda nalo, mama. Inshallah."

Alijibu upesi, kama mtoto anayejibu ndiyo kabla ya kusikia alichotumwa. Saif alikuwa na kibanda cha kutengenezea simu Eastleigh. Mikono yake ilizoea skrubu ndogo kama punje za ufuta. Boneti la gari hakuwahi kulifungua maishani mwake.

Akalifungua. Injini ilikuwa imefunikwa kwa kikoi kikuukuu cha baba yake. Alipokiondoa aliona imekatwa kichwa: juu hamna kitu, matundu manne yameachama, ndani yake mafuta meusi na kutu kidogo. Aliyatazama matundu yale kama mtu anayetazama maiti. Injini hii imekwisha, alijiambia. Ndiyo maana baba alishindwa.

Wiki hiyo hiyo Patrobas alikuja. Zamani alikuwa jirani yao, fundi mitambo katika kiwanda cha sabuni. Alipostaafu alihamia Kayole kwa binti yake Asenath. Alisimama nje ya mlango, kofia mkononi, akakohoa badala ya kubisha.

"Kijana, pole tena. Nilikuja juu ya hii gari ya mzee."

Saif alimtoa mpaka barabarani kabla hajamaliza. "Mzee, mama yuko eda. Sauti za wanaume wageni pale dirishani kwake, si heshima. Tungoje atoke."

Patrobas akatazama chini. "Ni kweli. Mimi hizi desturi zenu sizijui sana, na sitaki kukosea kwa nyumba ya Idarusi. Nitangoja. Akitoka nitakuja."

"Ahsante, mzee."

Akaondoka na maneno yake yote yamebaki kinywani. Saif alifurahi. Tuseme ukweli, haikuwa heshima peke yake. Alitaka mikono itakayoliamsha gari la baba yake iwe yake.

Kwenye simu alitazama video za mtu mmoja wa nchi za mbali, mwenye gereji kubwa na taa nyeupe, akitia injini mpya katika gari kuukuu. Mtu yule alifanya kazi huku akipiga mluzi. Ya zamani nje, mpya ndani, ufunguo, moto. Saif aliitazama mpaka akaijua kama sura ya Fatiha.

Akaenda kwa Mwangangi, muuza injini zilizotumika, ambaye duka lake lilikuwa msitu wa vyuma vinavyodondosha mafuta.

"Unataka ya gari gani, bosi?"

"Pijo mia nne na nne."

Mwangangi aliita watu wa duka la pili waje wasikie. "Huyu ana gari ya babu wa babu! Hiyo ilikuwa inabeba wazungu ama nyani?"

"Ilibeba mama yangu," alisema Saif.

Kicheko kikaisha. Mwangangi akapangusa mikono. "Pole, sikukuwa na ubaya. Chukua hii. Ya Toyota, imetoka Japani, safi, haijafunguliwa. Hii hata ukiweka kwa kitanda, kitanda kitaenda Thika."

Saif hakujua kuuliza kama injini ile ilitoka katika gari linalovutwa na magurudumu ya mbele au la nyuma. Hakujua kuwa kuna tofauti. Waya zake zilikuwa zimekatwa zikining'inia kama mizizi. Aliuliza juu yake, akaambiwa fundi wa umeme ataunga.

Ya zamani aliing'oa mwenyewe, kwa mabomba matatu aliyoyasimamisha na chenibloki ya kuazima, mnyororo wa kuinulia vitu vizito. Chini yake alitandika magunia ili isitoe kishindo. Kila nati aliilegeza taratibu. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja na mkokoteni, naye akawaonya wasinene.

"Kuna nini hapa, bosi? Mtoto amelala?" aliuliza mmoja wao.

"Kuna mtu yuko matangani. Bebeni tu."

Wakaibeba kimya, miguu ikipapasa, kama wanaobeba jeneza. Gurudumu la mkokoteni lililia mara moja lilipokata kona ya tangi. Basi.

Kuanzia hapo mambo yakamgeukia. Injini mpya ilikuwa imezoea kulala kikingamo katika gari lake la kwanza. Humu ilitakiwa ielekee mbele, na hivyo vikono vyake vya kufungia havikukutana na kitu chochote. Saif akamtafuta fundi wa kuchomelea, akamchukulia vipimo kwa kamba, na vipande vilipokuja vilikuwa vifupi. Vikatengenezwa vingine. Injini ikakaa, lakini juu mno, boneti halifungi. Gia boksi ya zamani haikuoana nayo hata tundu moja. Na nyuma ya gia boksi, pale ambapo yule mtu wa video alifungua bolti chache akachomoa mhimili unaopeleka nguvu nyuma, Saif alikuta bomba zito la chuma lililofungwa moja kwa moja mpaka magurudumu ya nyuma, na mhimili wenyewe umo ndani yake. Hakuna pa kukata, hakuna pa kuunga. Alilala chali chini ya gari akilitazama bomba lile mpaka shingo ikafa ganzi.

"Saif," sauti ilitoka dirishani.

"Naam, mama."

"Bado hujalijaribu?"

"Bado kidogo."

"Mbona sisikii hata nyundo? Baba yako alikuwa akitengeneza gari, mtaa mzima ulijua."

"Ninafanya taratibu, mama. Sitaki kukusumbua."

Muhiba akasema, kama anasema na ukuta, "Kimya ndicho kinachonisumbua."

Saif alisikia, lakini alikuwa na bolti mdomoni, na bolti ile haikuwa na mahali pa kuingia.

Eda ilipokaribia kwisha, alimeza fahari yake akapanda gari la Kayole. Asenath alimfungulia, akamtambua, akaita ndani, "Baba! Mtoto wa Idarusi amekuja. Sasa labda hiyo chuma itatoka chini ya kitanda changu!"

Patrobas alitoka akitabasamu meno yote. Hakungoja hata salamu ziishe. Aliinama chini ya kitanda, akavuta kitu kizito kilichofungwa katika gunia, akakifungua kama anayemfungua mtoto nepi. Kilikuwa chuma kipana, kimesuguliwa upande mmoja mpaka kinang'aa.

"Silinda hedi, kile kichwa cha injini ya mzee," alisema. "Tuliitoa pamoja, ilikuwa imepinda kidogo. Ikaenda kusagwa. Ikatoka juma lile alipoanza kuumwa, nikaenda kuichukua mimi. Gasketi mpya ya kuweka katikati ndiyo hii. Nilikuja kukuambia siku ile, ukasema tungoje. Nikangoja. Ile injini huko chini haina makosa, Saif. Nzima kabisa. Kuifunga ni kazi ya mchana mmoja, jioni gari inaenda. Mama anatoka lini?"

Saif alitafuta kiti, akakikosa, akakaa sakafuni.

"Nini, kijana?"

"Nimeiuza, mzee."

"Umeuza nini?"

"Injini. Nilidhani imekufa. Nimewapa watu wa vyuma."

Asenath aliyekuwa akicheka aliacha. Patrobas akakifunika kile chuma tena, taratibu, kona moja baada ya nyingine.

"Mimi ningesema," alisema. "Pale pale barabarani ningesema. Ni maneno mawili tu. Lakini niliona nitakuwa mtu wa kuongea mambo ya vyuma kwa nyumba ya matanga."

"Mimi ndiye niliyekuzuia."

"Ulinizuia kwa heshima. Na mimi nikanyamaza kwa heshima." Akatikisa kichwa. "Ai, Saif."

Walikwenda pamoja kwa wale wa mkokoteni. Walipelekwa kwenye kiwanja ambako injini kama ile huvunjwa kwa nyundo kubwa siku inayofika. Msimamizi aliwaonyesha rundo lenye ukubwa wa nyumba, akasema hata hilo si lile, lile lilishaondoka kwenda kuyeyushwa. Patrobas alizunguka rundo hata hivyo. Saif alimwacha azunguke.

Kutafuta nyingine? Patrobas aliuliza kwa kila mzee aliyemjua. Wawili walicheka, mmoja akasema alikuwa nayo lakini watoto wake waliiuza kwa njia hiyo hiyo.

Siku ya kutoka ilifika. Ruqaiya alikuja na teksi, na chetezo, na leso mpya ambazo hazijakatwa, na mdomo wake.

"Haya bibi harusi, toka! Tena nzima inakungoja. Watu wameshasahau sura yako, watadhani nimeleta mke mwenza."

Muhiba alicheka kidogo. Alioga, akavaa, akafukizwa udi. Alipotoka jua lilimpiga, akaweka mkono usoni. Hakwenda kwenye teksi. Alipita ubavuni mwa nyumba, akasimama mbele ya Pijo. Saif alikuwa hapo, na Patrobas nyuma yake, kofia mkononi, gunia miguuni. Boneti lilikuwa limefungwa kwa kamba kwa sababu ya ile injini iliyopanda juu.

"Liwashe," alisema Muhiba.

"Halitawaka, mama."

"Leo?"

Angeweza kusema ndiyo, leo tu. Neno lilikuwa pale pale. "Halitawaka tena. Ile injini ya baba niliitoa nikaiuza. Hii haiingii humu."

Muhiba aliingiza vidole katika upenyo wa boneti, akaigusa injini ngeni, akavitoa, akavitazama kama vina mafuta. Havikuwa na mafuta.

"Wale watu wa mkokoteni."

"Ndio, mama."

"Niliwasikia. Nilidhani wameleta kitu."

Patrobas alijaribu. "Mama Saif, kosa ni letu sote. Nilikuja, lakini kwa vile ulikuwa eda…"

"Eda yangu ilikuwa kukaa ndani, Patrobas, na ndani nilikaa." Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ungegonga vyuma vyako huku nje. Mimi nilikuwa nasikiliza tu."

Ruqaiya alimshika dada yake mkono, wakaenda kwenye teksi. Lilikuwa gari jipya, lile la kuwashwa kwa kitufe. Liliondoka bila sauti, likapita kona ya tangi bila sauti.

Patrobas alifungua buti la Pijo akaiweka ile silinda hedi ndani, pamoja na gasketi yake. "Ikae na gari," alisema. Saif akamsindikiza mpaka stendi.

Muhiba alirudi wakati wa magharibi. Saif alikuwa ubavuni akilirudisha turubai. Alimsikia akiingia, akivua viatu, akipita chumbani. Alingoja amwite. Alisikia mkono kwenye mbao za dirisha, dirisha likavutwa mpaka mwisho, na komeo likatiwa.